Kubadilisha Gia kwa Ulaini: Mada kwa Madereva wa Magari ya Nafaka Kibaigwa



Soko la mazao la Kibaigwa limo kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Msimu wa mavuno, malori hupakia hapo mahindi yaliyotoka vijiji vya Kongwa na wilaya jirani ya Kiteto. Kila lori lililojaa huanza safari kwa gia ya kwanza, katikati ya wapita njia, bodaboda na wauza vyakula. Ni hapo ustadi wa dereva unapopimwa. Gari linaloshtuka, linalorudi nyuma au linalozimika barabarani huwaweka hatarini watu waliolizunguka kabla halijamtia hasara mwenye gari.

Chanzo cha mshtuko kinaeleweka. Klachi hutenganisha injini na giaboksi kwa muda mfupi ili gia moja itoke na nyingine iingie. Klachi ikiachiwa ilhali mzunguko wa injini haulingani na ule unaotakiwa na gia mpya, gari hupiga kwata. Kwa mfano, ikiwa gia ya tatu ina uwiano wa 1.5 na ya nne 1.0, injini iliyokuwa ikizunguka mara 1,800 kwa dakika katika gia ya tatu hutakiwa kuzunguka mara 1,200 katika gia ya nne, gari likiwa katika mwendo uleule. Dereva mzoefu huupa mzunguko nafasi ya kushuka, kisha huachia klachi. Mwenye papara huilazimisha klachi kufanya kazi hiyo kwa msuguano.

Wakati wa kuondoka, dereva hukanyaga klachi hadi mwisho, huingiza gia ya kwanza, kisha huinua mguu taratibu hadi mahali klachi inapoanza kushika. Hapo huutuliza mguu kidogo, huongeza mafuta kwa kiasi, na kuachia breki ya mkono gari linapoonyesha kutaka kwenda. Methali isemayo mwenda pole hajikwai inauhusu mguu wa kushoto unapopanda. Unaposhuka, huo mguu hutakiwa kuwa mwepesi na kufika chini kabisa. Gari likishika mwendo, mguu huondolewa juu ya pedali. Anayeupumzisha hapo huichosha klachi bila kujua.

Kushusha gia kunahitaji kinyume chake: mzunguko wa injini lazima upande. Ndiyo maana madereva stadi huongeza mafuta kidogo kati ya gia ya juu na ya chini kabla ya kuachia klachi. Zamani jambo hilo halikukwepeka. Sinkronaiza, kifaa kinacholinganisha mizunguko ndani ya giaboksi, kilianza kutumika katika magari ya Cadillac mwaka 1928. Kifaa hicho hulinganisha gia zenyewe, lakini hakiipandishi injini. Kazi hiyo imebaki kwa dereva. Wala mkono wa gia hautakiwi kusukumwa kwa nguvu. Gia inayokataa huwa inaeleza kwamba klachi haijakanyagwa vya kutosha au mwendo haujafaa.

Mlimani, gia hushushwa mapema, kabla injini haijaanza kulemewa. Lori lenye mzigo hupoteza mwendo upesi klachi inapokanyagwa, na anayechelewa hujikuta akitafuta gia mbili kwa wakati mmoja.

Mteremko ndio wenye hatari kubwa zaidi. Wapo wanaoweka gia frii kwa imani kwamba wanaokoa mafuta. Imani hiyo ina kasoro: injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, ilhali gari lililo frii huendelea kuchoma mafuta ili injini isizimike. Zaidi ya hayo, frii huondoa nguvu ya injini ya kuzuia mwendo, na mzigo wote huangukia breki. Breki zikipata joto kupita kiasi hupungua nguvu. Anayezima injini kabisa huongeza balaa, kwani pampu ya hewa ya breki husimama na usukani huwa mzito. Gia ya kushukia huchaguliwa juu ya kilima, kabla ya mteremko kuanza. Katikati ya mteremko huenda isiingie tena.

Wajibu huu haumhusu dereva peke yake. Gunia la rumbesa humpunja mkulima, na vilevile huongeza uzito ambao dereva hakuuhesabu. Mmiliki anayeahirisha kubadili klachi iliyokwisha humpa dereva gari lisilotii. Mfanyabiashara anayehimiza mwendo wa haraka ili auwahi mnunuzi humfundisha dereva kuruka hatua ambazo zimewekwa kulinda maisha.

Ndani ya maeneo ya makazi kama Kibaigwa, sheria inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa. Dereva anayeshusha gia mapema anapoukaribia mji hufika sokoni akiwa na mwendo anaoumudu, breki zilizopoa na gari linalomtii mtoto anapokatiza barabara ghafla.