Kutafuta Shoti Katika Kompyuta Iliyokufa

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoombwa kuzungumza mbele yenu niliambiwa nichague jambo la kazi yangu litakalowafaa vijana wa sayansi bila ya kuwachosha wazee. Kazi yangu ni ufundi. Nilianza na redio, nikahamia kwenye televisheni, na kwa miaka mingi sasa meza yangu imejaa kompyuta mpakato, yaani hizi laptopu zinazobebwa mkobani. Wale wa rika langu watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na wengi wetu tuliondoka katika shule hii bila ya kuiona hata moja. Leo mwanafunzi anaisahau juu ya kiti, mwenzake anaikalia.

Nitasema juu ya kompyuta ya namna moja tu: ile iliyokufa kabisa. Unachomeka chaja, unabonyeza, hakuna taa, hakuna feni. Fundi wa haraka atakwambia, "Mazabodi imekwisha, nunua nyingine." Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi bodi ile ina shoti moja tu, na shoti inatafutika.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Umeme hutoka upande wa chanya, hupita katika vifaa vinavyoutumia, kisha hurudi upande wa hasi, ambao sisi mafundi tunauita graundi. Vifaa hivyo ndivyo vinavyouzuia usipite wote kwa mkupuo. Shoti ni njia ya mkato. Chanya na graundi zimekutana mahali fulani, kizuizi kimetoweka, na umeme wote unakimbilia huko. Kompyuta za sasa zina ulinzi ndani yake. Zikihisi hali hiyo hujifungia kabla ya kuungua, na chaja nayo hujizima. Ndiyo sababu mashine yenye shoti mara nyingi haitoi moshi wala harufu. Inanyamaza tu. Ukiona taa ya chaja inazimika pale unapoichomeka kwenye kompyuta, na ukiichomoa inawaka tena, usikate tamaa. Umeshapewa nusu ya jibu.

Chaja huleta volti 19 au 20. Hizo huingia katika njia kuu ya bodi, na kutoka hapo hushushwa: volti 5 huku, volti 3.3 kule, na volti moja hivi kwa ajili ya prosesa. Kila kituo cha kushushia kina koili yake, kidude cha mraba ambacho hata mzee mwenye miwani kama mimi anakiona. Kandokando ya njia kuu zimepangwa kapasita nyingi, nyingine ndogo kuliko punje ya mchele. Kila moja imekanyaga mguu mmoja kwenye chanya na mwingine kwenye graundi, na ndani yake mna matabaka mengi ya kauri na chuma yaliyopishana. Kompyuta ikianguka, au ikikaliwa kama nilivyosema, bodi hujikunja kidogo, kauri hupata ufa, matabaka ya chuma hugusana, na kapasita ile inageuka kuwa waya mtupu.

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Kapasita zote hizo zimeungwa sambamba. Ukipima ya kwanza, mita inasema shoti. Ya pili, shoti. Ya ishirini, shoti. Mwizi ni mmoja, lakini mtaa mzima umetoka nje na kila mtu ana mikono michafu.

Huku kwetu pwani tuna adui wa ziada, nayo ni chumvi. Chumvi kavu haipitishi umeme. Lakini unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 75, chumvi huvuta maji hewani na kuyeyuka yenyewe. Ndiyo maana chumvi ya mezani hulowa wakati wa masika. Ikishayeyuka hupitisha umeme na hula shaba. Kompyuta inayokaa karibu na dirisha linalotazama bahari hapa Bagamoyo hupokea chumvi kidogo kidogo, kusi na kaskazi, mpaka siku moja usiku wenye unyevu unafanya lililobaki. Mtu akimwagikiwa na maji ya bahari ndiyo zaidi. Wengi huifukia kompyuta iliyolowa katika mchele. Mchele unaweza kunyonya maji kidogo, lakini chumvi unaiacha pale pale. (Na mchele wenyewe, tafadhali, msiupike.)

Sasa, ndugu zangu, niungame jambo. Mwaka 2016 kijana mmoja wa chuo aliniletea kompyuta isiyowaka. Ndani yake mlikuwa na ripoti yake ya mwaka wa mwisho, na nakala nyingine hakuwa nayo. Siku hiyo nilikuwa na wateja wengi. Niliweka mita kwenye mlio, nikagusa koili ya prosesa, ikalia. Nikasema moyoni, nimeipata. Nikachukua mashine yangu ya kutoa umeme, ambayo asubuhi yake nilikuwa nimeiweka kwenye volti 19 kwa kazi nyingine, nikagusa koili ile ile. Hakuna kilichowaka, hakuna kilicholia. Prosesa inayoishi kwa volti moja ilikufa kimya kimya, na katika mashine ile kihifadhi kumbukumbu kilikuwa kimelehemiwa kwenye bodi yenyewe. Sikuwa na njia ya kuitoa ripoti.

Kosa langu lilikuwa nini? Mlio wa mita si shoti. Mita nyingi hulia zikikuta kizuizi chochote cha chini ya omu 30 au 50 hivi, na prosesa nzima, isiyo na ubovu wowote, huweza kupima omu chache tu, pengine hata chini ya omu moja. Nilisikiliza mlio badala ya kusoma tarakimu. Nilimlipa kijana thamani ya kompyuta. Ripoti aliiandika upya, na akahitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzake.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2021, alikuja kwangu mama mmoja kutoka Mlingotini, katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani. Alikuwa ameifunga kompyuta katika khanga.

"Fundi, shikamoo. Wameniambia nikaitupe."

"Marahaba, mama. Ina nini ndani?"

"Hesabu za akiba za wenzangu. Miaka mitatu. Daftari tuliacha kuandika tulipopewa hii."

Alisema kwamba wenzake walikuwa hawajaanza kumsema vibaya, ila walikuwa wameanza kumwuliza kila siku. Niliifungua. Kihifadhi kumbukumbu kilikuwa cha kulehemiwa, kama kile cha kijana wa chuo. Nawaambieni kweli, niliifunika tena nikaenda kunywa chai kwanza.

Niliporudi nilianza na betri. Betri hutolewa kabla ya jambo lingine lolote, na ikiwa imevimba haitobolewi wala haibonyezwi, maana huweza kulipuka moto. Nikatazama bodi kwa lenzi. Karibu na tundu la chaja palikuwa na kutu ya kijani, dalili ya chumvi. Nikaiosha kwa spiriti safi na mswaki laini, nikaiacha ikauke, nikapima. Wapo mafundi wanaopima kwanza, lakini kupima juu ya uchafu ni kuupima uchafu.

Njia kuu kwenda graundi ilisoma omu 0.4. Bodi nzima mahali hapo husoma maelfu ya omu. Basi shoti ilikuwapo, tena kubwa. Nikapima pande mbili za zile mosfeti za mlangoni, ambazo ni kama mabawabu kati ya chaja na bodi. Upande wa chaja ulikuwa salama, upande wa ndani una shoti. Kwa hiyo tundu la chaja lenye kutu, ambalo kila mtu angelilaumu, halikuwa na hatia. Nikapima koili moja moja. Ya volti 5 salama. Ya volti 3.3 salama. Ya prosesa ilisoma omu 8, na safari hii sikuisingizia.

Kisha nikafanya kipimo ambacho mwaka 2016 hata sikukifikiria. Niliweka ncha moja ya mita kwenye njia kuu na nyingine kwenye koili ya prosesa. Vijana, sikilizeni hapa. Kati ya njia kuu na prosesa kuna mosfeti. Ikiwa hiyo ndiyo iliyounganika, umeme wowote utakaoutia katika njia kuu utamfikia prosesa moja kwa moja. Mita ilionyesha kwamba njia mbili hizo hazijaunganika. Ndipo nilipochukua mashine ya umeme.

Wenzangu waliokulia ufukweni mtanielewa. Mtumbwi unaovuja baharini ni vigumu kuuona tundu lake, maana maji yamejaa pande zote. Upandishe mchangani, utie maji ndani, uzunguke nje utazame panapodondoka. Sisi nasi tunatia umeme kidogo katika ile njia yenye shoti, tunatazama unapotokea. Unapotokea pana joto.

Kidogo maana yake kidogo. Niliweka volti 1, na mkondo nikaufunga usizidi ampea 2. Mnaosoma Fizikia fanyeni hesabu kwa Sheria ya Ohm, ambayo Mjerumani yule aliitangaza mwaka 1827 na bado tunaila. Ampea 2 zikipita katika omu 0.4 zinahitaji volti 0.8 tu. Zidisha volti 0.8 kwa ampea 2, unapata wati 1.6. Kwa balbu si kitu. Kwa kapasita yenye urefu wa milimita 2 ni moto wa kuunguza kidole.

Wenye fedha hutumia kamera ya kuona joto. Mimi nilipaka spiriti juu ya bodi yote, nikawasha, nikainama. Spiriti hukauka haraka zaidi palipo na joto. Baada ya sekunde chache doa moja kavu lilijitokeza, mbali kabisa na tundu la chaja, kwenye kona inayohudumia mwanga wa skrini. Katikati ya doa palikuwa na kapasita moja. Kwa macho haikuwa na alama yoyote, haikupasuka, haikubadilika rangi. Niliinyanyua kwa upepo wa moto, nikapima tena. Mita ikapanda kutoka omu 0.4 mpaka maelfu.

Nikatafuta kapasita ya namna ile katika bodi chakavu, yenye kustahimili volti 25, nikailehemu. Kabla ya kuchomeka chaja nilipima njia zote tena kutoka mwanzo, na yule mama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi tangu saa nne, aliniuliza kwa nini napima kitu nilichokwisha kutengeneza. Nikamwambia habari za kijana wa chuo. Hakusema neno.

Ilipowaka, jambo la kwanza lilikuwa kunakili hesabu zile mara mbili, moja kwenye flashi yake na moja kwenye simu yake. Halafu aliomba karatasi, akaanza kunakili majina na jumla kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, pale pale dukani. Alipomaliza jua lilikuwa limeshuka.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Kwa vijana, nimeleta bodi nne zilizokufa na mita tatu. Ziko kwenye meza ya maabara ya Fizikia, na mwalimu amekubali zibaki. Hazina betri wala chaja, kwa hiyo hamtajiumiza. Tatu zina shoti katika njia kuu. Moja haina shoti hata kidogo, ila koili ya prosesa yake italia kwenye mita. Anayetaka kujaribu aje baada ya chakula, na daftari.