Dumu la Maji katika Daftari la Taifa



Septemba 2014, Shirika la Kitaifa la Takwimu lilitangaza kwamba pato la Kenya la mwaka 2013 lilikuwa kubwa kuliko tulivyoambiwa awali, kwa asilimia 25.3. Tulilala nchi maskini, tukaamka nchi ya kipato cha kati cha chini, na hakuna mkulima aliyevuna hata kibaba cha ziada. Mwaka wa msingi wa hesabu ulikuwa umehamishwa kutoka 2001 hadi 2009, na shughuli zilizokuwa zimekua kimyakimya zikapata nafasi yake. Sisemi tulidanganywa, marekebisho yale yalihitajika, na yalifanywa tena mwaka 2021. Nasema tu kwamba pato la taifa hupangwa na watu wanaoamua kipi kiingie daftarini na kipi kibaki nje.

Sasa twendeni Adu, kata kavu ya Magarini katika Kaunti ya Kilifi. Alfajiri mama anajifunga leso, anashika njia ya bwawani na dumu la lita 20. Likijaa ni kilo 20, nazo zinarudi kichwani. Kanuni za kimataifa za hesabu za taifa zinakubali kuwa kuteka maji ya nyumbani ni uzalishaji. Akifika akayasongea sima, kanuni hizohizo zinasema kusonga si uzalishaji. Kichwa ni kilekile, mikono ni ileile.

Upande wa pili wa barabara, gunia la makaa linapakiwa lorini. Likiuzwa, pato linapanda. Mti uliokatwa, uliokua miaka na miaka bila kumwagiliwa na mtu, haupunguzwi popote katika pato hilo. Linaitwa pato ghafi kwa sababu hata uchakavu wa mitambo na majengo haupunguzwi humo, na mimi neno hilo naliogopa.

Tuje kwenye tija, yaani uzalishaji kwa kila saa ya kazi. Mwaka 1957 mchumi Robert Solow alipima uchumi wa Marekani wa 1909 hadi 1949, akaona kwamba sehemu kubwa mno ya ongezeko la uzalishaji kwa kila saa ya kazi haikutokana na mtaji bali na maarifa na mbinu mpya. Aliweza kwa sababu saa za kazi zilikuwa zimeandikwa. Je, za huyu mama zimeandikwa wapi? Bomba likifika mlangoni pake leo, asubuhi yake nzima itaokoka. Kwangu mimi hiyo ni tija, tena tija hasa. Lakini hata lita zikibaki zilezile, saa alizookoa hazitaonekana daftarini.

Mwaka 2021 shirika letu la takwimu lilifanya utafiti wa kitaifa wa matumizi ya muda, na tangu 2019 tunalo pato la kila kaunti. Ombi langu kwa wanatakwimu ni moja: utafiti huo urudiwe mara kwa mara, ushuke hadi kwenye kata, na saa za akina mama wa Adu zichapishwe ukurasa mmoja na pato la Kilifi.