Ada ya Timu na Uzito wa Gunia
Mazungumzo na wazazi na walezi wa Lushoto kuhusu timu za mpira za vijana wakati wa likizo



Tumekuja kuzungumzia huduma ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa huduma, na kwa sababu hiyo hatuikagui kama tunavyokagua mbegu, mbolea au simu. Nayo ni timu za mpira za vijana zinazoundwa wakati wa likizo. Kila shule zinapofungwa, Juni na Desemba, matangazo hubandikwa stendi, sokoni na kwenye nguzo za umeme. Moja linasema kambi, lingine akademi, lingine kituo cha kukuza vipaji. Majina ni mazuri, lakini jina halifundishi mtoto kupiga pasi.

Katika milima hii hakuna haja ya kumweleza mtu maana ya lumbesa. Mkulima wa viazi anajua kwamba bei ya gunia haina maana mpaka ijulikane gunia lenyewe lina kilo ngapi. Likiongezewa kilemba juu, mnunuzi hulipa bei ya gunia moja na kuondoka na gunia na ziada yake. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hupiga vita ufungashaji huo na kusisitiza matumizi ya mizani. Ndugu zetu, ada ya timu nayo ni bei ya gunia tu. Tofauti ni kwamba hapa mzazi ndiye mnunuzi, na mara nyingi gunia analoletewa limepungua. Leo tunapenda tulitafutie gunia hilo mizani.

Mama mmoja alitueleza yaliyomkuta. Aliona tangazo lenye ada ndogo, akamwandikisha mwanawe wa miaka 13 kwa fedha za mavuno ya viazi. Wiki ya kwanza akaambiwa jezi ni lazima. Wiki ya pili ukaja mchango wa bonanza. Wiki ya nne akaambiwa kijana ana kipaji cha pekee, na kwamba akitoa fedha nyingine atapelekwa kwenye majaribio mbali. Alipomuuliza mtoto amejifunza nini, jibu lilikuwa kwamba siku nyingi alikaa pembeni, kwa kuwa watoto walikuwa wengi na mipira miwili. Januari ilipofika, sare na madaftari vilipatikana kwa kukopa. Hatumsimulii mama huyu ili tumcheke. Alimpenda mwanawe, na aliyemwomba fedha alilijua hilo.

Basi tuanze na gharama. Ada iliyo kwenye tangazo ni mwanzo wa hesabu, si mwisho wake. Chukueni daftari, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni ada, kiingilio, jezi, viatu, nauli, chakula, na michango ya safari. Kisha ulizeni ni siku ngapi kwa wiki, saa ngapi kwa siku, na kwa wiki ngapi. Gharama yote igawanywe kwa saa zote za mafunzo. Jibu mtakalopata ndilo bei halisi.

Tutoe mfano wa hesabu, wenye tarakimu za kujifunzia tu. Timu ya kwanza inatangaza ada ya shilingi 20,000. Kiingilio ni 5,000, jezi 25,000, na mchango wa bonanza 26,000. Mazoezi ni siku tatu kwa wiki kwa wiki nne, yaani siku 12, na nauli ya kwenda na kurudi ni 2,000 kwa siku; nauli pekee ni 24,000. Jumla ni shilingi 100,000. Kila siku wanafanya mazoezi saa mbili, hivyo saa zote ni 24. Kila saa imemgharimu mzazi shilingi 4,167 hivi.

Timu ya pili inatangaza ada ya shilingi 60,000, na wengi huipita wakisema ni ya matajiri. Lakini uwanja wake mtoto anaufikia kwa miguu, vizibao vya mazoezi ni vya timu, na mchango wa mechi ya mwisho ni 12,000 tu. Jumla ni 72,000. Mazoezi ni siku nne kwa wiki, saa moja na nusu kila siku, kwa wiki nne. Hizo nazo ni saa 24. Kila saa ni shilingi 3,000. Timu iliyoonekana ghali kwenye nguzo ya umeme imekuwa nafuu kwenye daftari.

Hata hivyo, gharama ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni thamani, kwa sababu saa moja ya timu hii si lazima iwe sawa na saa moja ya timu ile. Pale ambapo watoto 60 wana mwalimu mmoja na mipira miwili, sehemu kubwa ya saa huishia kwenye foleni. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, nendeni uwanjani mkasimame pembeni nusu saa. Mtazameni mtoto mmoja tu, mhesabu anagusa mpira mara ngapi. Msikilizeni mwalimu: je, anaeleza na kuonyesha, au anafoka tu? Je, wasichana wanapewa nafasi au wanaachwa kuwa washangiliaji? Je, mtoto asiyejua sana naye anacheza, au hutumiwa kujaza idadi ya walipa ada? Mwalimu mwema hatachukizwa na mzazi anayetazama. Anayewafukuza wazazi uwanjani amekwisha kujibu swali lenu.

Ulizeni pia habari za mvua. Mnajua wenyewe ukungu na manyunyu ya Juni katika milima hii, na utelezi wa Desemba. Siku zilizopotea zitafidiwa, au zimekwenda na fedha? Jibu hilo liwe kwenye maandishi. Na pale ambapo kambi ni ya kulala, au timu inasafiri, maswali huwa mazito zaidi. Barabara ya kutoka Soni kuteremka Mombo ina kona ambazo hazimsamehe dereva mzembe. Gari ni la nani, na litabeba watoto wangapi? Watalala wapi, na chini ya uangalizi wa nani? Kwa wasichana, kuna mwanamke mzima anayewajibika nao? Nani ana sanduku la huduma ya kwanza? Timu isiyo na majibu ya maswali haya haina bei nafuu, hata ikiwa ni ya bure.

Sasa tufike kwenye ahadi, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Msemaji akiwaambia kwamba mwanao wa miaka 14 atauzwa Ulaya mwakani, kumbukeni kwamba kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache. Mtazameni Mbwana Samatta, aliyezaliwa mwaka 1992. Alijiunga na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Safari hiyo ilipita Mbagala na Msimbazi kwanza, tena kwa miaka, hatua kwa hatua. Klabu inayomtaka mchezaji ndiyo hulipa. Mzazi anayeombwa alipe ili mwanawe atakiwe, anauziwa ndoto. Na tusisahau kwamba njia ya wazi kwa mtoto wa shule ipo. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huanzia shuleni na kupanda hadi mkoa na taifa.

Kabla ya kutoa fedha, ulizeni kama klabu imesajiliwa chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, Na. 12 ya mwaka 1967. Afisa Michezo wa Halmashauri, iwe ya Lushoto au ya Bumbuli, ni mtu wa kumwendea. Kuuliza si ujinga. Dai risiti yenye jina la timu, na msiridhike na ujumbe wa simu wa fedha iliyokwenda kwa namba ya mtu binafsi. Mtoto asitie saini karatasi yoyote peke yake. Nanyi msitie saini karatasi inayomfunga kutochezea timu nyingine kwa miaka, ambayo hamkupewa muda wa kuisoma nyumbani.

Mkiona mmepotoshwa, anzeni kwa kumwandikia kiongozi wa timu, mkitunza nakala. Asiposikia, mfikisheni kwa Afisa Michezo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Lakini ikiwa mtoto ameumizwa au ameguswa isivyofaa, msisubiri barua: nendeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au pigeni simu ya bure 116.

Mwisho, tunawakumbusha chaguo lisilobandikwa kwenye nguzo. Wazazi 20 wa kitongoji kimoja wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja wana laki moja. Hiyo inaweza kuanza kununua mipira na dawa za huduma ya kwanza. Uwanja wa shule upo, na huenda yupo mwalimu au mchezaji wa zamani aliye tayari kufundisha kwa posho ndogo, mbele ya macho ya wazazi wote. Hapo nauli ni sifuri, na mtoto hurudi nyumbani kabla ya giza.

Hatusemi mtoto asicheze. Acheze, akimbie, afurahi. Tunachoomba ni kwamba macho yale yale mnayoyatumia kwenye mizani ya viazi, mje nayo na uwanjani.