MZAZI ANAPORUDI CHUONI: WAJIBU WA CHAMA
Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Kigoma



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu ya watendaji wetu. Nitazungumzia jambo moja: katibu au mtunza hesabu mwenye watoto anayetaka kurudi chuoni.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kina mama walihudhuria kisomo wakiwa na watoto mgongoni. Chuo cha Ushirika Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963 na ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika, kimefundisha watendaji kwa miaka mingi. Basi mtu mzima kusoma si jambo geni kwetu. Lililo gumu ni nani atakayetunza watoto, na nani atakayeshika vitabu vya chama.

Katika ukaguzi nimesikia kamati zikisema: "Mama huyu ana watoto, tumpeleke kijana asiye na mzigo." Hoja hiyo yaonekana ya huruma, lakini ina hasara. Kijana asiye na shamba wala nyumba kijijini, akishapata cheti, huenda akatafuta kazi mjini. Mama mwenye kahawa yake Kalinzi, au mwenye kuanika dagaa Kibirizi, ana sababu ya kurudi. Watoto mnaowaita mzigo ndio dhamana ya chama. Tena, sijasikia kamati ikimwuliza baba anayekwenda kusoma ni nani atakayewalea wanawe.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuchague njia ifaayo. Si lazima kila mtu ahamie Moshi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo hapa Kigoma, na mwanafunzi wake aweza kusomea nyumbani. Masomo hayo yataka saa maalumu. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzisha taa zao, kaya za mwambao zaweza kuzitenga kwa kusoma. Mkulima wa kahawa naye atumie miezi isiyo ya mavuno.

Pili, ruhusa iandikwe katika muhtasari wa kikao: inaanza lini, inakwisha lini, na nani anakaimu. Fedha, stakabadhi na vitabu vikabidhiwe kwa orodha iliyotiwa sahihi na pande zote mbili. Asiyekabidhi vizuri atakaa darasani akiliwaza sanduku la fedha.

Tatu, fungu la elimu liwemo katika makisio ya mwaka. Anayekopa ada katika chama cha akiba na mikopo apangiwe marejesho yasiyogongana na Januari, mwezi wa sare na madaftari ya watoto.

Nne, watu wa nyumbani wakubaliane mapema: nani atateka maji, nani atakesha na mtoto mgonjwa. Mkono mmoja haulei mwana.

Ndugu zangu, elimu, mafunzo na habari ni msingi wa tano wa ushirika duniani. Naomba kila chama, katika kikao chake kijacho, kiorodheshe watendaji wanaotaka kusoma, na wenye watoto waulizwe kwanza, wajibu wenyewe.