Kumsaidia Mfanyakazi Mwenzetu Mwenye Dalili za Maradhi ya Ulaji

Mada kwa semina ya wasimamizi wa wafanyakazi, Malindi



1. Maana

Haya mengi mwayajua, nitayapitia mbio. Maradhi ya ulaji ni maradhi ya akili yanayojitokeza kwenye chakula. Mwenye anoreksia hujinyima kwa hofu ya kunenepa hata akiwa amebaki mifupa. Mwenye bulimia hula kwa pupa, kisha akajitapisha au akanywa dawa za kuharisha. Aghalabu uzito wake ni wa kawaida, hivyo kumtazama tu hakutoshi. Maradhi haya huwapata wanawake na wanaume. Kisukari na kifua kikuu pia humkondesha mtu, kwa hivyo kutaja ugonjwa si kazi yetu.

2. Tatizo lenyewe: ndimi za kantini

Hapa nitakaa kidogo. Simlengi mwajiri yeyote, lakini mambo yamekuwa hayo kwa hayo: mwenye shida hujulikana kantini nzima kabla hajajulikana na daktari.

Tuchukue mfano wa msichana wa usafi wa vyumba hotelini. Saa saba huchota wali na maharagwe kama wenzake. Wali huuhamisha upande huu na huu wa sahani, maharagwe huyachambua moja moja, kisha huinuka wa kwanza na kumwaga makombo kwenye ndoo. Siku nyingine husema, "Nimefunga." Pwani jawabu hilo halihojiwi, na ni haki lisihojiwe: wapo wanaofunga sunna Jumatatu na Alhamisi, na Wakristo wana saumu zao.

Lakini akishaondoka, mmoja husema ana mimba, mwingine ana "ule ugonjwa", wa tatu karogwa. Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola hadi ikapita 400, limezuka la nne: "Huyo ni wa Shakahola." Shakahola ilihusu mafunzo ya dini ya kufunga hadi kufa, huyu anapambana na hofu ya mwili wake mwenyewe. Akisikia anatajwa hivyo, atajificha zaidi.

Msimamizi naye, kwa nia njema, humkalisha: "Kula nikuone." Hiyo ni aibu, tena ni hatari. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akishindiliwa chakula ghafla, fosfeti na potasiamu katika damu huweza kushuka hadi moyo ukasimama. Ndiyo maana wodini mtoto mwenye utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa hafifu ya F-75 kabla ya F-100.

Ikishindikana, huandikiwa barua ya kujieleza kwa utoro. Ilhali Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyetimiza miezi miwili kazini likizo ya ugonjwa, kwa uchache siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta cheti cha daktari.

3. Mapendekezo

1. Azungumze naye mtu mmoja anayemwamini, faraghani, si kantini.

2. Aanze na hali yake, si uzito wake: "Naona siku hizi wachoka na wakaa peke yako. Kuna nini, dada?"

3. Akikana, asibishiwe. Arudiwe baada ya siku kadhaa.

4. Asilazimishwe kula, wala sahani yake isilindwe.

5. Akikubali, ashauriwe kuanzia hospitali ya Malindi au ya Kaunti ya Kilifi, na mwenzake ajitolee kumsindikiza.

6. Akizimia, akitapika damu au akisema anataka kufa, apelekwe siku hiyo hiyo. Hapo siri haitangulii uhai.

7. Likizo ya ugonjwa izungumzwe kabla ya barua ya kujieleza.

8. Aliyoyasema faraghani yasifike kantini. Nimelisema, nalirudia.

9. Wasimamizi wakome kuisemea miili ya wafanyakazi, iwe kwa sifa ama kwa kejeli: "umenawiri", "umekwisha", "punguza tumbo".

Hili la tisa limekwisha kupigiwa makofi katika semina nyingi, likawekwa kwenye faili. Halihitaji bajeti wala kamati. Naomba lianze leo saa saba, tukiwa kwenye foleni ya pilau.