Kipande cha Umma Kiandikwe Kwenye Ramani
Hotuba kwa baraza la wananchi, Namanga

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu maeneo ya wazi ya umma, nami nitaanzia Nairobi, kwenye bustani ya Uhuru Park. Ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwezi Mei 1969. Ni takriban ekari 32 tu, katikati ya jiji ambako bei ya ardhi haishikiki.

Mwaka 1989 nusura iliwe. Palipangwa kujengwa humo jumba la orofa 60 la gazeti la Kenya Times, lililokuwa la chama tawala, KANU. Profesa Wangari Maathai akapinga. Aliandika barua nyingi kwa ofisi za serikali na hata kwa wageni waliotarajiwa kutoa pesa. Akaenda mahakamani, kesi ikatupwa. Akakejeliwa Bungeni, na shirika lake, Green Belt Movement, likafurushwa ofisini. Mwishowe wenye pesa walijiondoa na jumba halikujengwa.

Tarehe 27 Agosti 2010, papo hapo Uhuru Park, Katiba mpya ilizinduliwa. Katiba hiyo, kwenye Jedwali la Nne, inasema bustani na sehemu za burudani za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti. Kwa hivyo mkituuliza watoto wa Namanga watacheza wapi, hamtuombi fadhila.

Kitengela mmeiona. Malisho yalikatwa ploti za hamsini kwa mia, nyumba zikakaribiana, na sasa anayetafuta uwanja hana budi kuununua kwa bei ya mwenye ploti. Sisi hapa chini ya Ol Doinyo Orok bado tuna nafasi, lakini mpaka unavuta biashara, malori na wanunuzi wa ardhi. Kipande kilichoachiwa umma kwa mdomo tu, bila namba kwenye ramani ya mpimaji, kitakuja kupata mwenyewe, na hatakuwa ninyi.

Najua kuna mzee ataniuliza: bustani ya nini na ng'ombe hawana nyasi? Ni swali la haki. Sisemi malisho yageuzwe maua. Nasema ekari chache ndani ya mji, penye miti, ambapo mama anayengoja matatu ataketi kivulini bila kulazimika kununua soda.

Basi mpango wa mji au wa kugawanya shamba ukiletwa kwenu kwa maoni, msitie sahihi ya mahudhurio na kwenda zenu. Ulizeni kipande cha umma kiko wapi, ni ekari ngapi, na hati itakuwa kwa jina la nani. Jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na mwombe nakala. Mkizungushwa, andikeni barua. Mama Wangari alianza hivyo hivyo.

Sasa maswali. Tuanze na akina mama walioketi kule nyuma.