Bawasiri Si Aibu



Kwa miaka kumi tumezungumza hisa, mikopo na marejesho. Leo tuseme lile tunalonong'onezana: bawasiri.

Bawasiri ni mishipa ya damu ya njia ya haja kubwa iliyovimba. Huletwa na choo kigumu, kujikamua sana na ujauzito. Sisi mama lishe wa bandari kavu, tunaobana haja kutwa na kunywa maji kidogo, tuko hatarini. Dalili zake ni damu nyekundu, kuwashwa, au kinyama kutokeza. Maumivu makali kama ya wembe wakati wa choo huenda ni mchaniko. Usaha ukitoka kwenye kitundu cha pembeni, huenda ni fistula ya haja kubwa, si ile ya uzazi.

Bawasiri nyingi hutulia kwa ugali wa dona, mlenda, mapapai, maji ya kutosha, na kukalia beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15. Iliyozidi, daktari huifunga kwa mpira mdogo au huikata. Dawa za kuunguza za mtaani tusiziguse!

Lakini jamani, si kila damu ni bawasiri. Saratani nayo huweza kuanza hivyo hivyo. Twende hospitali Kahama tukapimwe mapema.

Kwa hiyo tunapendekeza: anayeomba fedha za mfuko wa jamii aseme "matibabu", basi. Asiulizwe ugonjwa mbele ya kikao. Mwenzetu asife kwa haya na akiba ipo sandukuni.